Mgonjwa wa Tumbo Nyumbani: Aibu Isitangulie Uhai



Somo letu la mwezi huu linahusu jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele za watu, nalo ni choo. Mtu akiumwa kichwa husema wazi kwamba kichwa kinamuuma, na jirani humletea kidonge. Lakini akikaa siku tano bila kupata choo, au akiona damu anapojisaidia, atasema tu, "Tumbo halijatulia," kisha atanyamaza. Kunyamaza huku kumetuletea misiba mingi ambayo ingeweza kuepukwa.

Tumechagua kuzungumzia uuguzi wa nyumbani kwa sababu magonjwa ya tumbo la chini huanzia nyumbani. Katika saa za mwanzo muuguzi ni mama, baba, bibi au mjukuu aliye karibu. Yeye ndiye atakayeamua mgonjwa anywe au asinywe, apelekwe sasa au angoje asubuhi.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo inaweza kuwa ya yeyote kati yetu, huku Mlandizi au kule Maneromango. Ni wakati wa masika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameanza kuhara usiku. Asubuhi bibi yake anasema kwa huruma, "Mwanangu, usimpe maji, utamzidishia." Mama wa mtoto anamheshimu mkwewe, naye anaacha.

Chumba cha pili amelala babu, ambaye miguu haimbebi tena. Ni siku ya saba hajapata choo cha kawaida, ila nguo yake inalowa kidogo kidogo uchafu mwepesi. Mke wa mwanawe ndiye anayempelekea chakula. Babu anaona haya kumwambia, naye mkwe anaona haya kuuliza. Mwishowe jamaa mmoja anasema, "Mzee anahara," na ananunuliwa dawa ya kufunga tumbo.

Katika nyumba hii upendo upo, wala hakuna mzembe. Lakini wagonjwa wote wawili wanatendewa kinyume cha wanavyohitaji. Mtoto ananyimwa kile anachokipoteza, na babu anafungwa wakati tayari amefunga. Tutawarudia wote wawili katika somo hili.

Utumbo unafanyaje kazi?

Chakula kikitoka tumboni huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Humo mwili hunyonya lishe. Mabaki huingia katika utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi na kuyagandisha mabaki yawe kinyesi.

Tukielewa hilo tumeelewa nusu ya somo. Mabaki yakipita upesi mno, au utumbo ukiwa umejeruhiwa na vijidudu, maji hayanyonywi na mtu huhara. Yakipita polepole mno, maji hunyonywa kupita kiasi na choo huwa kigumu kama mawe. Kwa hiyo katika kuhara na katika kufunga choo, swali la kwanza la muuguzi ni moja: mgonjwa huyu ana maji ya kutosha mwilini?

Tukumbuke pia kwamba watu hawafanani. Mtu mzima mmoja hupata choo mara tatu kwa siku na mwingine mara tatu kwa wiki, na wote wakawa wazima. La kuangalia ni mabadiliko: jana alikuwaje, na leo yukoje.

Kuhara

Tunasema mtu anahara anapopata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama peke yake huweza kupata choo laini mara nyingi, na hiyo si kuhara.

Kinachoua katika kuhara, mara nyingi, ni kukaukiwa maji na chumvi. Bibi katika mfano wetu ameona kweli kwamba mtoto akinywa anahara tena, lakini amekosea maana yake. Maji anayoyatoa mtoto ni yale ya mwilini mwake, nayo yatatoka anywe asinywe. Asipokunywa, ndoo inamwagwa bila kujazwa.

Jambo hili lilithibitishwa katika majaribu makubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Maji ya kutundikia mishipani yakaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji safi na kuwanywesha wagonjwa. Kwa kuwa wahudumu walikuwa wachache, ndugu wa wagonjwa ndio walioshika vikombe na kuwanywesha watu wao. Vifo vilivyokuwa vikifikia wagonjwa 30 katika kila 100 vilishuka hadi chini ya 4. Tutambue ni nani waliofanya kazi hiyo: mama, kaka na dada, wakiwa na kikombe mkononi.

Basi mtoto anapohara tufanye yafuatayo:

1. Tumpe maji ya chumvichumvi, yaani ORS. Tusome maelezo ya pakiti, kwa maana nyingi huchanganywa katika lita 1 ya maji safi na salama. Kama hatuna kipimo, chupa mbili za maji za nusu lita hutosha. Tusipunguze maji ili dawa iwe kali, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Yaliyobaki baada ya saa 24 tuyamwage.

2. Kila anapohara, aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu hadi kikombe kizima. Mkubwa zaidi anywe kadiri anavyotaka. Anywe kidogo kidogo, kwa kijiko ikibidi. Akitapika tungoje dakika 10, kisha tuendelee polepole zaidi.

3. Kama pakiti haipo na duka liko mbali, tuchanganye katika lita 1 ya maji safi vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visirundikwe. Tuonje: yasiwe na chumvi kupita machozi.

4. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula aendelee kula uji, wali laini, ndizi, mtori. Akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili.

5. Tuombe vidonge vya zinki zahanati. Mtoto aliyezidi miezi 6 hupewa kimoja cha miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya hapo nusu yake, kwa siku 10 hadi 14. Tusiache kwa kuwa kuhara kumekoma, kwa sababu zinki huponya utumbo na kupunguza uwezekano wa kuhara tena.

6. Tusimpe mtoto dawa za kufunga tumbo, wala vidonge vilivyobaki kabatini kutokana na ugonjwa wa mwaka jana.

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja akiwa na moja ya dalili hizi: macho yamedidimia, amelegea au hazinduki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, hajakojoa kwa saa 6, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi haraka, choo kina damu, ana homa kali, au kuhara kumeendelea hadi siku 14. Njiani aendelee kunyweshwa. Kwa sisi wa Kwala, Magindu au Mzenga, mahali penye safari ndefu, chupa ya maji ya chumvichumvi ikae mapajani mwa mama tangu anapopanda bodaboda.

Mtu wa umri wowote akianza ghafla kuhara maji mengi yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, tushuku kipindupindu. Ugonjwa huu ulionekana nchini kwetu mwaka 1974 na umerudi mara nyingi. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa kwa kipindupindu ndani ya saa chache. Aanze kunywa papo hapo, apelekwe papo hapo, na viongozi wa mtaa au kijiji waarifiwe. Kuficha mgonjwa wa kipindupindu ni kuwahatarisha majirani wote.

Kuhara damu

Choo chenye damu na kamasi, pamoja na msokoto wa tumbo na haja ya kwenda chooni kila mara, ni dalili ya kuhara damu. Vijidudu vinavyosababisha ni vya aina mbalimbali. Vingine ni bakteria, vingine ni amiba, na dawa zake si moja. Ndiyo maana kununua dukani vidonge alivyopewa jirani ni kubahatisha. Mgonjwa apimwe, na dozi aimalize hata kama damu imekoma siku ya pili.

Nyumbani aendelee kunywa na kula. Awe na taulo lake, na kama vyoo viwili vipo, kimoja kiwe chake kwa siku hizo. Anayehara damu asipikie wengine mpaka apone.

Choo kigumu

Sasa tumrudie babu. Kinyesi kimekaa katika utumbo wake mpana, kimekauka na kuwa bonge lisilopita. Maji machache kutoka juu hupenya pembeni mwa bonge hilo na kuvuja. Ndiyo maana nguo inalowa ingawa hajapata choo kamili. Anayeona nguo tu atasema anahara. Anayeuliza, "Baba, choo kamili umepata lini?" atajua ukweli. Dawa ya kufunga tumbo kwa mzee huyu ni kuongeza kufuli juu ya kufuli.

Babu anahitaji kupelekwa kituo cha afya, ambako bonge hilo litalainishwa au kutolewa na mwenye ujuzi. Tusijaribu kulitoa wenyewe kwa kidole, kwa kipande cha sabuni, wala kwa kumwingizia maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Utumbo ni laini. Unaweza kuchanika au kuungua. Onyo hili linahusu pia watoto wachanga na akina mama wajawazito, ambao mara nyingi hupewa dawa za kienyeji za kuharisha. Mjamzito kufunga choo ni jambo la kawaida, na vidonge vya kuongeza damu huweza kuzidisha. Asiviache, azungumze na muuguzi kliniki.

Baada ya hapo kazi hurudi nyumbani, nayo ni rahisi:

Maji. Wazee wengi hawanywi kwa kuogopa kuwasumbua watu kuwapeleka chooni. Tusingoje aombe. Tumwekee kikombe mkono unapofika, na tumkumbushe kila saa.

Wakati. Utumbo huamka baada ya chakula. Tumsaidie kukaa chooni dakika 15 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kila siku saa ileile, bila kumharakisha. Kama hawezi kuchuchumaa, kiti kilichotobolewa na kuwekewa ndoo chini chafaa. Chini ya miguu tuweke kigoda ili magoti yapande, maana mkao wa kuchuchumaa hufungua njia.

Mwendo. Hata hatua kumi kutoka kitandani hadi barazani husaidia.

Chakula. Hapa tuna la kujivunia. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo aliyoyazoea kwao yalikuwa adimu kwa watu wa vijijini Afrika Mashariki. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa saa 36 hivi. Waingereza waliopimwa walitoa karibu gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Burkitt alisema tofauti iko katika makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mboga na matunda ambazo mwili hausagi. Si yote aliyoyadhania yaliyothibitishwa na wataalamu wa baadaye, lakini kwamba nyuzinyuzi na maji hulainisha choo halina ubishi.

Siku hizi sisi wenyewe tunaelekea kule alikokuwa ametoka Burkitt. Tunakoboa mahindi mpaka yawe meupe, tunakula chapati na soda, na kisamvu tunakiona chakula cha shida. Turudi kwenye dona, matembele, kisamvu, mchicha, kunde, maharage, mapapai, maembe na machungwa, ambavyo ardhi yetu ya Pwani inavitoa. Tuviongeze polepole, pamoja na maji, maana nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga. Lakini aliyekwisha kujaa bonge kama babu yetu afunguliwe kwanza kituoni, ndipo aongezewe vyakula hivi.

Hapa Kibaha jambo hili lina historia. Mwaka 1963 nchi za Nordic za kaskazini mwa Ulaya zilianzisha hapa mradi pamoja na serikali ya Tanganyika, nao ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali yetu likawa Shirika la Elimu Kibaha, na kituo kile cha afya kikakua kuwa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Darasa, shamba na tiba viliwekwa mahali pamoja. Hata nyumbani kwetu vitatu hivi havitengani.

Bawasiri, na damu isiyo ya bawasiri

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba ndani au pembeni mwa njia ya haja kubwa. Huletwa na kujikamua kwa muda mrefu, choo kigumu, ujauzito na uzito. Huwasha, huuma, na huweza kutoa damu nyekundu mbichi juu ya choo.

Nyumbani mgonjwa alainishe choo kwa njia tulizozitaja. Akae katika beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kujisaidia. Ajisafishe kwa maji, ajikaushe kwa kugusa bila kusugua. Asikae chooni muda mrefu, wala asipakwe dawa kali za kuunguza, kwani zimewaachia watu vidonda na makovu.

Lakini tusikubali kwamba kila damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na mwanzoni haiumi. Mtu ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, anayekonda, anayeishiwa damu au anayejisikia bado ana haja hata baada ya kutoka chooni, aende apimwe. Choo cheusi kinachonata kama lami nacho ni damu, inayotoka juu zaidi, na kinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Uchunguzi wa njia ya haja kubwa huchukua dakika chache, na kwa daktari ni kazi ya kila siku. Wako wanaume wanaokimbia dakika hizo chache na kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakati ugonjwa umekwisha kuenea.

Tumbo lisilosubiri asubuhi

Yako maumivu ambayo uuguzi wake nyumbani ni kutafuta usafiri tu.

Kidole tumbo. Maumivu huanza karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa hana hamu ya kula, hutapika, na kutembea au kukohoa humuumiza.

Utumbo kuziba au kujisokota. Tumbo huvimba na kukaza kama ngoma, mgonjwa hapati choo wala hewa haitoki, na hutapika. Kwa watoto, hata minyoo mingi ikijifunga bonge yaweza kuziba utumbo.

Ngiri iliyobanwa. Kwetu Pwani neno ngiri limebebeshwa mambo mengi, na kila maumivu ya chini ya kitovu huitwa hivyo. Ngiri halisi ni utumbo uliopenya katika sehemu dhaifu ya misuli, mara nyingi kwenye kinena, ukaonekana kama uvimbe. Uvimbe ule uliokuwa ukirudi ndani mgonjwa akilala, siku usiporudi, ukawa mgumu na wenye kuuma, utumbo umebanwa na unaweza kufa kwa saa chache. Apelekwe kwenye upasuaji.

Kwa wote hawa, tusiwakande tumbo, tusiwape dawa ya kuharisha, wala tusiwape chakula. Tumbo lililokaza ghafla lisipewe kitu cha kulisukuma. Kila familia ijue mapema ni nani mwenye chombo cha usafiri, namba yake ya simu, na nauli ya dharura imewekwa wapi.

Kumhudumia kitandani

Kwanza, tuchague anayefaa kumhudumia. Katika desturi zetu si vyema mzee kusafishwa na mke wa mwanawe, na kumlazimisha ndiko kunakomfanya afiche hali yake. Mtoto wake wa kiume, mpwa, au mjukuu ambaye ana utani naye, hulifanya jambo hilo kuwa jepesi. Mjukuu anaweza kumwambia, "Babu, leo nakuogesha, usinikimbie," wakacheka wote wawili. Na huyo mkwe asiachiwe mzigo peke yake kwa kuwa tu yuko nyumbani. Wanaume wa familia nao wana mikono.

Pili, tulinde ngozi. Uchafu ukikaa huunguza. Tumsafishe mara moja kwa maji na sabuni laini, kwa mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, tumkaushe na kumpaka mafuta ya mgando. Tumgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku kwa zamu, asipate vidonda vya mgongo. Tufunge mlango au pazia hata kama ni mtoto.

Tatu, tujilinde. Avae glavu, au mfuko safi wa nailoni mkononi. Nguo zilizochafuka zisifuliwe karibu na kisima. Kinyesi kitupwe chooni, na cha mtoto mchanga vilevile, maana si kweli kwamba hakina madhara. Tunawe kwa sabuni baada ya kumhudumia, baada ya chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha mtoto. Wakati wa masika maji ya mvua huingiza uchafu visimani, na wakati wa maembe inzi huwa wengi. Maji ya kunywa tuyachemshe au tuyatibu kwa klorini, hata yakitoka bombani, kwa kuwa ndoo na kata nazo huchafua. Watoto wapate chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013, katika wiki ya 6 na ya 10.

Nne, tuandike. Daftari la shule la kurasa chache latosha. Tuandike saa, amekunywa vikombe vingapi, amekojoa, amepata choo namna gani: maji, laini, kigumu, chenye damu, cheusi. Asiyejua kuandika achore vistari. Tukifika kituoni, karatasi hiyo humwambia tabibu mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaona haya kuyasema.

Tumalizie kwa nyumba ile tuliyoanza nayo. Fikiria bibi ameelewa habari ya ndoo inayomwagwa. Yeye mwenyewe amekaa na kijiko na kikombe, anamnywesha mjukuu wake tone kwa tone, na hakuna mwenye subira kumzidi. Babu amerudi kutoka kituoni, tumbo limelegea, na mjukuu mkubwa ndiye aliyepewa daftari. Hakuna kilichogharimu fedha nyingi. Kilichobadilika ni kwamba swali limeulizwa na jibu limesemwa wazi.

Maswali ya kujadiliana katika familia na Jumuiya

1. Kwa nini mtu anayehara anahitaji kunywa zaidi, wala si kupunguza? Tungemweleza vipi mzee asiyekubali?

2. Tutaje dalili tano za hatari kwa mtoto anayehara.

3. Mgonjwa wa kitandani anavuja choo chepesi lakini hajapata choo kamili kwa wiki nzima. Tumfanyie nini, na tusimfanyie nini?

4. Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaouguza wagonjwa wa muda mrefu peke yao? Tunaweza kuwapokea zamu siku gani?

5. Usiku wa manane mtu akikaza tumbo hapa kwetu, tunampigia nani simu?